Kilo tano si kilo tano: ngazi mpya ya uzito inavyompunja bondia mdogo

Shirikisho la kimataifa la World Boxing, ambalo ndilo lililobeba ngumi za ridhaa kuelekea Olimpiki ya Los Angeles 2028, limebadilisha madaraja ya uzito. Kwa wanaume sasa yako kumi: kilo 50, 55, 60, 65, 70, 75, 80, 85, 90, na zaidi ya 90. Mashindano yake ya dunia ya Liverpool, Septemba 2025, yalichezwa kwa ngazi hiyo.

Ukiisoma mara ya kwanza unaipenda. Namba zimenyooka na zinakaririka. Kila daraja limeachana na mwenzake kwa kilo tano, kwa hiyo unasema basi, hakuna aliyependelewa.

Hebu tulia kidogo. Hoja yangu ni kwamba ngazi hii haijakaa sawa, kwamba anayeumia ni bondia mdogo, na kwamba kasoro yake inaweza kurekebishwa bila kuongeza daraja hata moja wala medali hata moja. Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili.

Kilo tano za nani?

Sisi wa Sumbawanga tumekulia kwenye mahindi, kwa hiyo tuanzie huko. Mtu akikupunja kilo tano kwenye gunia la kilo mia, umepoteza sehemu moja kati ya ishirini. Unanung'unika, unaondoka. Akikupunja kilo tano hizohizo kwenye debe la kilo kumi na nane, amekuchukulia zaidi ya robo, na hapo mtaitana kwa mwenyekiti wa mtaa. Kilo ni zilezile. Kilichobadilika ni kile zinachotolewa ndani yake.

Ngazi ya madaraja nayo inabidi isomwe hivyo. Swali lisiwe "daraja linalofuata lina kilo ngapi zaidi", liwe "lina asilimia ngapi zaidi". Nimepiga hesabu, hii hapa:

Kutoka 50 kwenda 55: asilimia 10.0
Kutoka 55 kwenda 60: asilimia 9.1
Kutoka 60 kwenda 65: asilimia 8.3
Kutoka 65 kwenda 70: asilimia 7.7
Kutoka 70 kwenda 75: asilimia 7.1
Kutoka 75 kwenda 80: asilimia 6.7
Kutoka 80 kwenda 85: asilimia 6.3
Kutoka 85 kwenda 90: asilimia 5.9

Umeona inavyoshuka? Pengo la chini kabisa linakaribia mara mbili ya pengo la juu. Bondia wa kilo 50 na gramu 200 amezidi daraja la kwanza, kwa hiyo anapigana na watu wa kilo 55, yaani watu wanaomzidi karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake mzima. Bondia wa kilo 85 na gramu 200 anakutana na watu wa kilo 90, ambao kwake yeye ni wenzake tu.

Kwa hiyo kilo tano zilizowekwa ili pasiwe na upendeleo zinampendelea mkubwa. Sidhani kama kuna mtu aliyekusudia. Namba za duara zina tabia hiyo, zinaonekana za haki kwa sababu ni rahisi kuzisema.

Fizikia inasemaje

Mtu anaweza kuuliza: asilimia nne zaidi au pungufu, kwani kuna nini hapo?

Turudi kwenye kanuni ambayo wengi tuliipita haraka shuleni. Chukua kitu chochote, ukikuze mara mbili kwa urefu, upana na kina. Eneo la mkato wake linakuwa mara nne. Ujazo wake, na kwa hiyo uzito wake, unakuwa mara nane. Nguvu ya msuli inafuata eneo la mkato wa msuli, siyo ujazo wake. Ndiyo maana siafu anabeba mzigo unaomzidi mwili mara nyingi na tembo hawezi. Kadiri mwili unavyokua, uzito unakua upesi kuliko nguvu.

Mwaka 1956 mwanasayansi mmoja, Lietzke, alichapisha kwenye jarida la Science uchambuzi wa rekodi za kunyanyua vyuma. Alionyesha kwamba jumla ya uzito anaonyanyua bingwa inaenda takribani na uzito wa mwili uliopandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili, sawa kabisa na hoja ya mkato na ujazo. Ukitaka mfano wa macho, Naim Süleymanoğlu, mwenye mwili wa kilo 60, alinyanyua kilo 190 juu ya kichwa kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Ni zaidi ya mara tatu ya mwili wake. Lasha Talakhadze wa Georgia, jitu la zaidi ya kilo 160, alifikisha 267 mwaka 2021. Hata mara mbili ya mwili wake haikufika.

Sasa tuilete kanuni hiyo ulingoni. Bondia anayekuzidi uzito kwa asilimia 10 anakuzidi nguvu kwa kama asilimia 6.6. Hapo unaweza kusema ni kidogo. Lakini ngumi ina pande mbili, anayepiga na anayepokea. Kinachoumiza ubongo ni kichwa kurushwa ghafla, na mrusho huo ni nguvu ya ngumi ikigawanywa kwa uzito wa kile kinachorushwa. Mdogo anapokea nguvu kubwa kwenye mwili mwepesi. Mkubwa anapokea nguvu ndogo kwenye mwili mzito. Kwa hiyo tofauti hizo mbili zinazidishana.

Kwa makadirio ya kwenye karatasi, tukichukulia kwamba kichwa na shingo vinakua pamoja na mwili, pengo la asilimia 10 linazaa tofauti ya kama asilimia 17 kati ya mshtuko anaoupata mdogo na ule anaoupata mkubwa. Pengo la asilimia 5.9 kule juu linazaa asilimia 10. Kweli, mwili wa mtu si mchemraba na vichwa vya watu havitofautiani kama miili yao, kwa hiyo usizichukue namba hizi kama kipimo cha hospitali. Lakini mwelekeo haubadiliki: pengo la uzito likiwa pana, pengo la maumivu linakuwa pana zaidi.

Wala si habari ya kinadharia. Robert Wangila wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa kilo 67 mwaka 1988, alifariki mwaka 1994 kutokana na jeraha la ubongo baada ya pambano la kulipwa Las Vegas. Sisemi madaraja ndiyo yaliyomuua. Nasema huu ni mchezo ambao ubongo uko mezani, na ukiwa mezani kila asilimia inahesabika.

Wazee walishaipatia

Kitu kilichonishangaza wakati wa kupiga hesabu hizi ni ngazi ya zamani. Kuanzia Olimpiki ya 1984 hadi ya 2000, wanaume walikuwa na madaraja 12, kwa vikomo hivi: 48, 51, 54, 57, 60, 63.5, 67, 71, 75, 81, 91, na zaidi ya 91. Ukiyatazama yanaudhi. Eti 63.5! Mara pengo la tatu, mara tatu na nusu, mara nne. Nani alipanga hivi?

Piga asilimia uone. Kutoka 48 kwenda 51 ni 6.3. Halafu 5.9, 5.6, 5.3, 5.8, 5.5, 6.0, 5.6. Kuanzia kilo 48 mpaka 75, mapengo yote yamekaa kati ya 5 na 6.3. Kule juu ndiko yanakopanuka, 8.0 kisha 12.3, ambako watu ni wazito na wachache. Zile namba za ovyo zilikuwa karibu na ngazi ya asilimia kamili. Namba nzuri ndizo zimeiharibu.

Na ngazi hiyo ya zamani, hasa kipande chake cha chini, ndiyo iliyoipa Afrika Mashariki heshima kwenye ngumi. Mexico City 1968, Uganda ilipata fedha kwa Eridadi Mukwanga wa uzito wa bantamu, kilo 54, na shaba kwa Leo Rwabwogo wa kilo 51. Rwabwogo akarudi Munich 1972 akachukua fedha. Philip Waruinge wa Kenya, kilo 57, alipata shaba 1968 na fedha 1972. Stephen Muchoki, Mkenya pia, alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 katika kilo 48. Ibrahim Bilali alileta shaba ya kilo 51 kutoka Los Angeles 1984.

Waweke mabingwa hawa kwenye ngazi ya leo. Rwabwogo wa kilo 51 anaingia daraja la 55, akiwaachia wapinzani kilo nne. Mukwanga naye yuko humohumo. Watu wawili ambao zamani walikuwa na madaraja mawili tofauti, na kila mmoja akaleta medali yake, leo wangepigania nafasi moja.

Olimpiki ndiyo imekata zaidi. Daraja la kilo 48, lililoingizwa mwaka 1968, lilikuwepo bado Rio 2016, wakati huo likiwa na kikomo cha 49. Tokyo likaondoka. Paris 2024 wanaume walibaki na madaraja saba: 51, 57, 63.5, 71, 80, 92 na zaidi ya 92. Kutoka 51 kwenda 57 ni karibu asilimia 12. Kwa makadirio yetu ya mshtuko, hiyo inakaribia tofauti ya asilimia 20.

Kule juu mambo yanaenda kinyume. Katika ngumi za kulipwa, wazito wa kati walipolalamika kwamba wanapigwa na majitu, walisikilizwa. Kikomo cha daraja la cruiserweight kilipandishwa kutoka pauni 190 hadi 200 mwaka 2003. Mwaka 2020 baraza la WBC likaanzisha daraja jingine kabisa, bridgerweight, ili mtu wa kilo 95 asilazimike kukutana na wa 120. Hoja ilikuwa usalama, na ni hoja nzuri. Basi itumike na chini, siyo juu peke yake.

Wanawake wamepangiwa nusu vizuri

Ajabu ni kwamba shirikisho hilohilo linajua kufanya sawasawa. Ngazi yake ya wanawake ni 48, 51, 54, 57, 60, 65, 70, 75, 80, na zaidi ya 80. Tazama mwanzo wake: mapengo ya kilo tatu, sawa na asilimia 6.3, 5.9, 5.6, 5.3. Safi kabisa. Halafu ukifika 60, ghafla linaruka hadi 65, asilimia 8.3. Kwa hiyo dada wa kilo 61 ndiye aliyeangukia shimoni, wakati wa kilo 52 yuko salama kuliko mwanaume wa kilo hizohizo.

Haiwezekani wote wawili wawe sahihi. Kama pengo la kilo tatu ni la lazima kwa mwanamke wa kilo 51, fizikia haijui jinsia ya kilo 51. Kaka yake mwenye uzito huo amepewa la tano.

Somo kutoka kwa roboti

Kuna mchezo mmoja ambao tunaweza kuutumia kama maabara, kwa sababu hauna damu. Ni mapigano ya roboti za kujitengenezea, ule wa vipindi vya Robot Wars na BattleBots. Nao una madaraja ya uzito. Marekani ni pauni 1, 3, 12, 30, 60, 120, na 250 kwa wale wakubwa wa televisheni. Uingereza ni gramu 150, kilo 1.5, kilo 13.6, na kilo 110.

Wale jamaa hawana ngazi ya kuongeza, wana ngazi ya kuzidisha. Waingereza wanapanda kwa mara nane hadi kumi kila hatua, Wamarekani kwa mara mbili hadi nne. Hakuna aliyewaza kupanga kwa kilo tano tano, maana ingekuwa kichekesho: kilo tano kwa roboti ya gramu 150 ni mlima, kwa roboti ya kilo 110 ni betri.

Lakini mbona wanavumilia mapengo makubwa hivyo? Kwa sababu roboti inajengwa. Fundi anajua kikomo kabla hajakata bati la kwanza. Akizidi gramu 40, anatoboa matundu kwenye bati, anabadilisha boliti za chuma kwa za titani, amemaliza. Wote wanafika mizani wakiwa wameligusa kikomo, kwa hiyo upana wa daraja haumuumizi mtu. Kinachowaumiza ni kusogeza kikomo. Daraja la pauni 3 la Marekani ni kilo 1.36, na mwenzake wa Uingereza ni kilo 1.5. Gramu 139 tu, lakini ni asilimia 10. Ukiwaambia Wamarekani wahamie kilo 1.5, kila roboti iliyopo inageuka kuwa nyepesi siku hiyohiyo, na mwenye hela ya kujenga upya ndiye atakayeshinda. Kwa roboti mimi ningesema wasiguse vikomo.

Mwili wa mtu ni kesi tofauti. Bondia hakujengwa kwa kuangalia kitabu cha sheria. Amezaliwa, amekula alichokula, amefika alipofika. Ukimpa daraja pana, hawezi kuongezewa bati. Ana njia mbili tu: apande akapigwe na wakubwa, au ashuke kwa kujikausha maji.

Na kujikausha kunaua. Mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki ndani ya wiki chache wakijaribu kushusha uzito, ndipo chama chao kikaleta sheria za kupima maji mwilini na kuweka uzito wa chini ambao mchezaji haruhusiwi kuuvuka. Agosti 2024 huko Paris, Vinesh Phogat wa India, mwanamieleka aliyezoea kilo 53, aliondolewa kwenye fainali ya kilo 50 kwa kuzidi gramu 100. Pengo alilojaribu kulivuka lilikuwa la asilimia 6. Sasa mfikirie kijana anayejaribu kulivuka la asilimia 10.

Rukwa inaingiaje hapa

Msomaji wa Sumbawanga anaweza kusema haya ni mambo ya wakubwa wa dunia. Hapana, haya ni yetu kuliko ya wengi.

Mkoa wetu unalima mahindi na maharage ya kutosha hata kuuza nje, na bado uko juu kwenye udumavu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa Rukwa ni asilimia 56, wakati wastani wa taifa ulikuwa 34. Ule wa 2022 ulikuta karibu asilimia 50, taifa likiwa 30. Tumepunguza, lakini bado ni nusu ya watoto.

Udumavu unapimwa kwa urefu wa mtoto ukilinganishwa na umri wake, na sehemu kubwa yake inapatikana ndani ya siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili. Baadaye ukimlisha vizuri anapona mengi, ila urefu uliopotea haurudi wote. Mtoto wa Chanji aliyekuwa na miaka minne mwaka 2015 atakuwa na miaka 17 mwaka 2028. Wengi wa rika lake watakuwa watu wazima wadogo wa miili, wenye afya, wenye nguvu, wenye kasi, na wenye kilo 47 au 51 au 53. Ukimwambia kijana huyo aongeze uzito tu, unamwambia aongeze mafuta, siyo mifupa. Atakuwa mfupi wa kilo 55 mbele ya mrefu wa kilo 55.

Kwa hiyo kipande cha chini cha ngazi, kile chenye mapengo mapana, ndicho watakachosimama vijana wetu. Walipunjwa mara ya kwanza kwenye sahani, na sasa mizani inawapunja mara ya pili.

Nikubali jambo moja la ukweli. Medali za Tanzania hazikutoka huko chini. Titus Simba alileta fedha ya uzito wa kati kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh 1970. Birmingham 2022, Kassim Mbundwike alipata shaba katika kilo 71 na Yusuf Changalawe shaba katika kilo 80. Hata Hassan Mwakinyo, aliyemsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mwaka 2018, alikuwa kwenye pauni 154. Kwa hiyo sidai kwamba kurekebisha ngazi kutatuletea medali kesho. Nadai kwamba mchezo una deni la haki kwa mtu mdogo, awe wa Chanji au wa Manila, na sisi tuna watu wadogo wengi.

Hoja za upande wa pili

Ya kwanza: namba za duara ni rahisi. Ni kweli, lakini mizani haijali kama umeandika 55 au 54. Mabondia walikariri 63.5 kwa miaka mingi na hakuna aliyepotea njia.

Ya pili: madaraja mengi yanapunguza ushindani. Hii ni hoja nzito. Paris iligawa nafasi 248 tu za mabondia, nusu wanaume nusu wanawake. Ukiongeza madaraja, kila daraja linabaki na watu wachache na medali inapoteza thamani. Ngumi za kulipwa zimeonyesha upande huo: kule chini kuna 105, 108, 112, 115, 118, mapengo ya asilimia 3 tu, na matokeo yake mikanda imekuwa mingi kama kanga za harusini. Mimi sitaki huko.

Lakini hoja hii inajibika. Hakuna haja ya kuongeza daraja. Chukua kikomo cha kwanza 50 na cha mwisho 90, viache palepale, kisha pandisha kwa asilimia moja ileile kila hatua. Hatua nane zinahitaji asilimia 7.6 kila moja. Ukikaribisha kwenye kilo kamili unapata hivi:

50, 54, 58, 62, 67, 72, 78, 84, 90, na zaidi ya 90.

Madaraja ni kumi, yaleyale. Mapengo yote sasa yako kati ya asilimia 6.9 na 8.3, na ile tofauti ya mshtuko inakaa kati ya 12 na 14 kwa kila mtu badala ya 17 kwa mdogo na 10 kwa mkubwa. Mzito wa kilo 85 anapoteza kidogo, ndiyo. Anatoka kwenye upendeleo anakuja kwenye usawa, na mtu akitolewa kwenye upendeleo lazima ataona kama ameonewa.

Ya tatu: kubadilisha kila mara kunawavuruga wachezaji. Hii nayo ni kweli, na ndiyo hoja niliyoitumia kuwatetea wenye roboti. Tofauti ni kwamba ngumi wameshabadilisha. Rio ilikuwa na ngazi yake, Tokyo yake, Paris yake, na sasa kuna hii ya kilo tano. Kama vurugu imeshafanyika, basi ikomee mahali penye sababu.

Nini kinafaa kufanyika

Vikomo peke yake havitoshi. Hata ngazi nzuri kabisa inaweza kuchezewa na mtu anayepima asubuhi akiwa mkavu na kupanda ulingoni jioni akiwa amejaza lita tatu. Kipimo cha maji mwilini kiende pamoja na mizani. Hilo halihitaji maabara kubwa, kipimo cha mkojo kinafanyika hata kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Lakini ngazi ndiyo msingi. Mashirikisho ya ngumi ya Afrika Mashariki, letu la Tanzania likiwemo, hayana haja ya kwenda kwenye vikao vya dunia kuomba huruma. Yaende na ukurasa mmoja wa asilimia. Yaweke ngazi ya wanaume pembeni ya ile ya wanawake, yaoneshe kwamba shirikisho lilelile limempimia mtu wa kilo 51 kwa rula mbili, kisha yaulize ipi ni ya kweli.

Na kwa makocha wa huku kwetu wanaopanga mapambano ya mtaani, hamhitaji kusubiri kikao cha mtu. Ukiwa na vijana wawili, chukua uzito wa mkubwa, gawanya kwa wa mdogo. Ukipata zaidi ya 1.08, mtafutie mdogo mpinzani mwingine. Simu yoyote ina kikokotoo.